Wakaguzi wa ndani na ada ya mkaguzi wa nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Suala hili huibuka kila msimu wa bajeti. Idara ya ukaguzi wa ndani inaomba nafasi mbili zaidi, mkurugenzi wa fedha anauliza fedha zitatoka wapi, na mtu mmoja mezani anajibu kwamba zitatoka kwenye ada ya mkaguzi wa nje. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi si kweli, au ni kweli kwa sababu tofauti kabisa na ile aliyonayo msemaji kichwani. Majibu haya ni kwa ajili ya wakurugenzi wa fedha, wajumbe wa kamati za ukaguzi na wakaguzi wa ndani wenyewe.

Mkaguzi wa nje anapangaje ada yake?

Anakadiria saa. Kila eneo la hesabu, yaani mauzo, manunuzi, mishahara, ghala, mikopo, kodi, linapewa saa zake, na kila saa inapewa mtu wa kuifanya: kijana aliyeanza kazi juzi, mkaguzi mwandamizi, meneja, au mbia atakayesaini ripoti. Saa huzidishwa kwa bei ya kila cheo, kisha mazungumzo ya bei yanaanza. Utafiti uliofungua njia katika eneo hili ni wa Dan Simunic, uliochapishwa mwaka 1980, na mambo aliyoyataja bado ndiyo yanayotawala: ukubwa wa kampuni, utata wa shughuli zake, na hatari anayoibeba mkaguzi kwa kukubali kazi hiyo.

Ukaguzi wa ndani unaingia kwenye hesabu hii kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni kazi: jambo ambalo wakaguzi wa ndani wamelipima vizuri, mkaguzi wa nje halazimiki kulipima lote upya. Mlango wa pili ni hatari: mahali ambapo udhibiti wa ndani unafanya kazi na kuna ushahidi wa hilo, mkaguzi wa nje anaweza kuchukua sampuli ndogo zaidi ya miamala. Mlango huu wa pili unasahaulika sana, ingawa faida yake hudumu zaidi, maana inatokana na kampuni yenyewe kuwa safi.

Kwa hiyo nikiongeza wakaguzi wa ndani, ada itashuka?

Si lazima. Tafiti zenyewe zinaonekana kupingana. Mwaka 2001, Felix, Gramling na Maletta walionyesha, kwa data za Marekani, kwamba kadiri ukaguzi wa ndani ulivyochangia zaidi katika ukaguzi wa hesabu za mwaka ndivyo ada ya mkaguzi wa nje ilivyokuwa ndogo. Lakini utafiti wa Goodwin-Stewart na Kent huko Australia mwaka 2006, na ule wa Hay, Knechel na Ling huko New Zealand mwaka 2008, ulikuta kinyume: palipokuwa na ukaguzi wa ndani zaidi, ada nayo ilikuwa kubwa zaidi.

Ukiangalia kwa makini, hawakupima kitu kimoja. Wale wa kwanza waliuliza wakaguzi wa ndani wamechangia kiasi gani katika kazi ya mkaguzi wa nje. Wengine waliangalia kampuni inatumia ukaguzi wa ndani kiasi gani. Bodi inayojali usimamizi mzuri hununua vyote viwili kwa wingi: inaajiri wakaguzi wa ndani, na inamtaka mkaguzi wa nje achimbe zaidi, hata kama ni kwa gharama. Ndiyo maana kampuni yenye idara kubwa inaweza kuwa na ada kubwa bila idara hiyo kuwa imeisababisha.

Funzo la kweli kwa anayepanga bajeti ni kwamba idadi ya watu peke yake haisogezi ada. Kinachoisogeza ni watu hao ni akina nani, wanawajibika kwa nani, na ni kazi ipi wanaifanya kwa namna ambayo mkaguzi wa nje anaweza kuipokea.

Mkaguzi wa nje anaangalia nini kabla ya kuikubali kazi yao?

Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi ISA 610, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2013, kinamtaka apime mambo matatu. Kikikosekana kimoja tu, haruhusiwi kuitumia kazi hiyo. Inafaa kuyatazama kwa jicho la mwajiri, kwa sababu yote matatu yanaamuliwa siku ya kuajiri na kupanga kazi.

La kwanza ni uhuru wa mawazo, yaani mkaguzi wa ndani kuweza kusema alichokiona bila kuogopa mtu. Mkaguzi wa nje atauliza: mkuu wa ukaguzi wa ndani anaajiriwa na nani, na ni nani anayeweza kumfukuza? Mshahara wake unapangwa na nani? Ikiwa jibu la yote ni mkurugenzi wa fedha, basi anayekaguliwa ndiye anayeshika riziki ya mkaguzi. Inatakiwa mkuu huyo aripoti kwa bodi au kamati ya ukaguzi, na awe na nafasi ya kukutana nao bila uongozi kuwepo.

Hapa kuna jambo moja linalozikwamisha idara nyingi, na nalitaja kwa msisitizo. Kuna mashirika ambako wakaguzi wa ndani hupitia kila vocha ya malipo na kuipiga mhuri kabla hundi haijaandikwa. Nia ni njema. Lakini mtu anayeidhinisha malipo amekwisha kuwa sehemu ya mfumo wa malipo. Hawezi tena kuukagua, kwa sababu atakuwa anajikagua mwenyewe. Unaweza kuwa na wakaguzi wa ndani kumi, na kama saba wanashinda wakipiga mihuri kwenye vocha, mkaguzi wa nje atahesabu watatu. Wahamishie wale saba, au kazi yao, kwenye idara ya uhasibu na utaona picha inabadilika bila kuajiri hata mtu mmoja.

La pili ni umahiri. Je, wana mafunzo ya uhasibu na ukaguzi? Wanazifahamu kanuni za taarifa za fedha zinazotumika katika kampuni? Wana vyeti vya taaluma, kwa mfano cheti cha CIA kinachotolewa na taasisi ya kimataifa ya wakaguzi wa ndani, IIA? Idadi nayo inaingia hapa: idara yenye watu wachache kuliko kazi iliyopangiwa haihesabiwi kuwa na umahiri wa kutosha, hata kama kila mmoja wao ni hodari.

La tatu ni utaratibu wenye nidhamu: mpango wa mwaka unaotokana na tathmini ya hatari, hatua za ukaguzi zilizoandikwa, hati za kazi zinazoeleweka, na mkubwa anayezipitia na kuzisaini.

Hati za kazi zinakataliwa kwa sababu gani hasa?

Chukua faili la jaribio la mishahara. Ukurasa wa kwanza una orodha ya wafanyakazi 25, na mbele ya kila jina kuna alama ya vyema kwa kalamu nyekundu. Chini pameandikwa: "Hakuna kasoro." Basi.

Mkaguzi wa nje analifungua na kuanza kuuliza. Hawa 25 walichaguliwaje, na kutoka kwenye orodha ipi? Orodha hiyo ililinganishwa na leja, au ilichukuliwa tu kutoka kwa karani wa mishahara? Ni mishahara ya mwezi gani? Alama ya vyema maana yake umeona nini: mkataba wa ajira, barua ya kupandishwa mshahara, mahudhurio, au malipo yalivyoingia benki? Jina la saba lina saa za ziada nyingi kuliko kawaida, nani aliziidhinisha? Nani amefanya jaribio hili, lini, na nani amelipitia?

Kazi hiyo huenda ilifanywa kwa uaminifu kabisa. Lakini faili halijibu, kwa hiyo mkaguzi wa nje anarudia jaribio lote, na saa za mkaguzi wa ndani zimekwenda bila kupunguza saa hata moja upande wa pili. Kampuni imelipia kitu kimoja mara mbili.

Faili lilelile likiwa na jumla ya mishahara ya miezi 12 iliyolinganishwa na leja, maelezo ya namna sampuli ilivyopatikana, ufafanuzi wa kila alama, nakala ya fomu ya saa za ziada ya yule mtu wa saba, na saini mbili zenye tarehe, linapokelewa. Mkaguzi wa nje atarudia majina machache ili kujiridhisha na kuendelea na kazi nyingine. Tofauti ya muda kati ya mafaili haya mawili ni ndogo kwa aliyeandaa. Inatokana hasa na kuwepo kwa mkaguzi mwandamizi anayefundisha na kupitia kazi. Ndiyo maana, kama una fedha za nafasi moja tu, ningeajiri mwandamizi mmoja kuliko vijana wawili.

Akiipokea kazi hiyo, ninaokoa kiasi gani?

Kidogo kuliko wengi wanavyotarajia, na sababu yake inafaa kueleweka kabla hujaahidi chochote mbele ya bodi. Hebu tufanye hesabu ya mfano. Ukaguzi umepangiwa saa 1,000: vijana saa 700, meneja saa 220, mbia saa 80. Tuseme saa ya kijana ina bei ya 1, ya meneja 3 na ya mbia 6. Ada ni 700 jumlisha 660 jumlisha 480, jumla 1,840.

Sasa wakaguzi wa ndani wamefanya majaribio ya manunuzi na mishahara, na mkaguzi wa nje amepunguza saa 120 za vijana. Lakini meneja wake ametumia saa 10 zaidi kupitia kazi yao, kuirudia sehemu na kuandika kwa nini ameikubali. Saa zimepungua 110, yaani asilimia 11. Ada imepungua 120 kisha ikaongezeka 30, kwa hiyo imeshuka kwa 90 tu, yaani chini kidogo ya asilimia 5.

Saa zinazookolewa ni zile za bei nafuu. Saa za mbia, ambazo ndizo ghali, hazihamishiki, kwa sababu ni saa za kutoa uamuzi, na uamuzi kuhusu hesabu ni wake peke yake. Ripoti anayoisaini ina jina lake. Wajibu wake haupungui hata akitumia kazi ya watu wengine. Kumbuka pia kwamba mwaka wa kwanza wa ushirikiano huwa na akiba ndogo au hauna kabisa, maana muda mwingi unakwenda kwenye kuifahamu idara na kuipima.

Kuna maeneo ambayo hayahamishiki kabisa?

Ndiyo. Kadiri jambo linavyohitaji uamuzi mzito, na kadiri hatari ya kosa kubwa inavyopanda, ndivyo mkaguzi wa nje anavyotakiwa kufanya mwenyewe. Makadirio ya madeni yasiyolipika, thamani ya mali zisizo na soko la wazi, tathmini ya kama kampuni itaendelea kuwepo, mapato yenye mikataba tata, hatari ya udanganyifu wa viongozi: hayo yaache. Yanayofaa kushirikiana ni yale yenye miamala mingi na uamuzi mdogo, kama udhibiti wa manunuzi, mishahara, kuhesabu mali ghalani kwenye matawi ya mbali, ulinganisho wa hesabu za benki, na ruhusa za kuingia kwenye mifumo ya kompyuta.

Matawi yana faida ya pekee, kwa sababu pale unaokoa pia safari na malazi. Lakini wakaguzi wa ndani wapangwe kuwepo siku ileile ya kuhesabu mali, wakiwa na fomu zilizokubaliwa mapema, na wahesabu wenyewe baadhi ya bidhaa kutoka rafuni kwenda kwenye orodha, na nyingine kutoka kwenye orodha kwenda rafuni. Kusimama mlangoni na kusaini karatasi za mtunza ghala hakumsaidii mtu.

Msaada wa moja kwa moja ni nini?

Ni pale wakaguzi wa ndani wanapofanya kazi ndani ya timu ya mkaguzi wa nje, kwa maelekezo yake na chini ya usimamizi wake. Ni tofauti na hali ya kawaida ambapo wao wanafuata mpango wao na yeye anakuja kutumia matokeo.

ISA 610 inauruhusu kwa masharti. Kampuni itoe kibali cha maandishi kwamba wakaguzi wa ndani watafuata maelekezo ya mkaguzi wa nje na uongozi hautaingilia kati. Wakaguzi wa ndani nao waandike kwamba watatunza siri kama walivyoelekezwa na watatoa taarifa likitokea jambo linalogusa uhuru wao wa mawazo. Wasipewe maeneo yenye hatari kubwa au uamuzi mzito, wala kazi waliyokwisha kuishughulikia wenyewe.

Uingereza imekwenda mbali zaidi na kuupiga marufuku kabisa. Katazo hilo limetumika kwenye kaguzi za vipindi vinavyoishia Juni 2014 na kuendelea. Kwa hiyo kabla ya kuuingiza kwenye bajeti, hakikisha sheria za nchi yako na viwango vyake vinauruhusu. Marekani unaruhusiwa, na tafiti za huko, mojawapo ya Prawitt, Sharp na Wood mwaka 2011, zinaonyesha kwamba msaada wa aina hii ndio unaoambatana na ada ndogo, kuliko kutegemea kazi iliyofanyika nyuma. Inaeleweka: kazi iliyoelekezwa na mkaguzi wa nje mwenyewe inatoka katika umbo analolihitaji.

Kampuni yetu hupitisha vijana kwenye ukaguzi wa ndani miaka miwili kisha inawapandisha kuwa mameneja. Kuna ubaya?

Kwa kampuni, utaratibu huu una faida kubwa; meneja aliyepita ukaguzi anaijua biashara nzima. Kwa ada, una gharama. Mwaka 2011 Messier, Reynolds, Simon na Wood walichapisha utafiti uliokuta kwamba kampuni zinazotumia ukaguzi wa ndani kama ngazi ya kupandia umeneja zilitozwa ada kubwa zaidi. Sababu waliyoiona ni kwamba wakaguzi wa nje waliwaona watu hao kuwa na umahiri uleule, lakini wenye uhuru mdogo wa mawazo. Nani ataandika hoja kali juu ya idara anayotarajia kuhamia mwakani?

Huhitaji kuufuta utaratibu. Fanya mkuu wa ukaguzi wa ndani na waandamizi wake wawe watu wa kudumu katika taaluma, na vijana wanaopita wawe chini yao. Mwekee kila mmoja sharti la kutokagua idara aliyotoka au anayokwenda. Kisha mwonyeshe mkaguzi wa nje sharti hilo likiwa kwenye maandishi, pamoja na ratiba inayothibitisha kwamba linafuatwa.

Tuna mkaguzi wa ndani mmoja tu. Tujisumbue?

Kwa lengo la kushusha ada, hapana. Mtu mmoja hana wa kupitia kazi yake, na bila upitiaji lile jambo la tatu, utaratibu wenye nidhamu, linapwaya. Ana faida nyingine nyingi: anajua dosari zilipo, anafuatilia hoja za mwaka jana hadi zifungwe, na anaandaa nyaraka ili timu ya nje isikae siku tatu ikisubiri mikataba. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini saa za kusubiri ni saa zinazolipiwa.

Je, tunaweza kukodi huduma ya ukaguzi wa ndani kutoka nje?

Mnaweza, yote au sehemu yake. Kwa ujuzi adimu, kama ukaguzi wa mifumo ya kompyuta, kukodi ni busara kuliko kuajiri mtu wa kudumu ambaye atakuwa na kazi miezi mitatu kwa mwaka. Mkaguzi wa nje atapima mambo yaleyale matatu. Bodi ibaki na mtu wa ndani mwenye dhamana, kwa sababu kampuni inaweza kukodi kazi lakini haiwezi kukodi uwajibikaji.

Msimpe kazi hiyo mkaguzi wenu wa nje. Nchini Marekani, sheria ya Sarbanes-Oxley ya mwaka 2002 inamkataza mkaguzi wa kampuni ya umma kuifanyia kampuni hiyohiyo ukaguzi wa ndani. Kanuni za kimataifa za maadili ya wahasibu nazo zinazuia, kwa taasisi zenye maslahi ya umma, huduma za ukaguzi wa ndani zinazoweza kumfanya mkaguzi wa nje ajikague mwenyewe.

Kwa nini kwenye kampuni zilizosajiliwa kwenye masoko ya hisa ya Marekani suala hili lina uzito zaidi?

Kwa sababu huko kampuni kubwa zinakaguliwa vitu viwili: taarifa za fedha na udhibiti wa ndani unaohusu taarifa hizo, chini ya kifungu cha 404 cha sheria hiyohiyo ya Sarbanes-Oxley. Kiwango cha kwanza cha kazi hiyo, namba 2 cha mwaka 2004 cha PCAOB, chombo kinachosimamia wakaguzi wa kampuni za umma huko, kilimtaka mkaguzi apate ushahidi mkuu kutokana na kazi yake mwenyewe. Wakaguzi wa ndani walikuwa wamejaribu mamia ya vidhibiti, na mkaguzi wa nje akavijaribu tena vingi kati ya hivyo. Malalamiko ya gharama yalikuwa makubwa. Mwaka 2007 kilikuja kiwango namba 5, kikaondoa sharti hilo na kumruhusu mkaguzi kutumia zaidi kazi ya watu wenye umahiri na uhuru wa mawazo, kadiri hatari ya kila kidhibiti inavyoruhusu. Soko la hisa la New York, kwa upande wake, linazitaka kampuni zilizosajiliwa kuwa na ukaguzi wa ndani.

Tukipunguza wakaguzi wa ndani ili kubana matumizi, nini kitatokea?

Mwaka wa kwanza pengine hamtaona kitu. Mkaguzi wa nje ameshaweka bei. Wa pili ndipo hesabu inaanza kuja, na haiji kwa jina la ukaguzi wa ndani. Inakuja kama saa za nyongeza: ulinganisho wa benki haukufanywa miezi minne, sampuli ya manunuzi imeongezwa kwa sababu vidhibiti havikujaribiwa, hoja tatu za mwaka jana hazijafungwa, ripoti imechelewa wiki mbili. Kila kimoja kina maelezo yake kwenye ankara, na hakuna anayekumbuka kwamba mtu aliyekuwa akivifuatilia aliondolewa.

Upunguzaji wa aina hii unaniuma zaidi kuliko ada kupanda, kwa sababu hasara kubwa haiko kwenye ankara. Mkaguzi wa nje anatafuta makosa makubwa kiasi cha kupotosha taarifa za fedha. Wizi mdogo mdogo wa tawini, unaodumu miaka, uko chini ya kiwango chake. Ukimwondoa mtu wa ndani aliyekuwa akiuangalia, usitarajie wa nje auone. Kama mnalazimika kupunguza, kaeni na kamati ya ukaguzi, chukueni mpango wa mwaka, na mwandike kwa majina ni kazi zipi hazitafanyika tena na ni nani ameikubali hatari hiyo.

Wakaguzi wa ndani watumie sehemu gani ya mwaka kumsaidia mkaguzi wa nje?

Sehemu ndogo. Kwenye mfano wetu, tuseme wametumia saa 150 kuokoa zile 90 za ada. Saa hizo zimetoka kwenye mpango wao: ukaguzi wa zabuni, usalama wa data, mradi wa ujenzi unaovuja fedha. Ikiwa kazi iliyoachwa ingezuia hasara kubwa kuliko akiba ya ada, kampuni imeruka majivu na kukanyaga moto. Njia nzuri ni kuchagua kazi ambazo wangezifanya hata hivyo, na kuzipanga zikidhi mahitaji ya pande zote mbili.

Mazungumzo na mkaguzi wa nje yaanze lini?

Kabla ya mpango wa mwaka wa ukaguzi wa ndani kuidhinishwa, si wakati wa kufunga hesabu. Mkutano wa kwanza uwe juu ya maeneo: yapi anafikiria kuyategemea, sampuli za ukubwa gani, zichukuliwe kutoka kipindi kipi. Jaribio lililoishia mwezi wa tano halisemi kitu juu ya miezi saba iliyobaki, kwa hiyo kubalianeni nani atalihuisha hadi mwisho wa mwaka. Mpeni faili moja lililokamilika mapema, alipitie na kutoa maoni, kabla ya kuandaa mengine kumi kwa mtindo huohuo.

Ametumia kazi yetu lakini ada haikushuka. Tufanyeje?

Kwanza, ombeni mchanganuo wa saa kwa eneo na kwa cheo, wa mwaka jana na wa mwaka huu. Bila huo mnabishana gizani. Huenda saa zilishuka kwenye mishahara na zikapanda kwenye mfumo mpya wa kompyuta au kampuni tanzu mliyoinunua. Hapo ana haki. Huenda zilishuka na bei ikabaki ileile kwa kuwa mkataba ni wa ada ya jumla. Hapo faida yote imebaki kwake, na mnayo hoja ya kuipeleka mezani wakati wa kuhuisha mkataba. Mwaka unaofuata, barua ya makubaliano itaje maeneo ya ushirikiano, saa zilizopunguzwa, tarehe ya kukabidhi mafaili, na kitakachotokea upande wowote usipotimiza.

Msimsukume, hata hivyo, aitegemee kazi ambayo hajaridhika nayo. Uamuzi huo ni wake kitaaluma, na mkaguzi anayekubali kushinikizwa kwenye jambo hilo hafai kusaini hesabu zenu.

Kuna uwiano unaokubalika wa wakaguzi wa ndani kwa idadi ya wafanyakazi au mapato?

Viwango vya IIA, vikiwemo vipya vilivyoanza kutumika Januari 2025, havitaji uwiano wowote. Vinamtaka mkuu wa ukaguzi wa ndani aieleze bodi pale rasilimali zinapopungukia mpango ulioidhinishwa, pamoja na athari zake. Anzeni na hatari, mzigeuze kuwa kazi, kazi mzigeuze kuwa saa, kisha mtoe likizo, mafunzo na kazi za dharura. Mtu mmoja mara chache hubaki na zaidi ya robo tatu ya siku zake za kazi kwa ukaguzi wenyewe, na wanaosahau makato hayo ndio ambao mafaili yao hayajakamilika siku mkaguzi wa nje anapobisha hodi.